Paka wa Nyumbani na Twahara ya Mswala



Imetufikia barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa ajili ya kazi ya mumewe amehamia Nakuru. Hakupenda jina lake litajwe, nasi tumeliheshimu ombi lake. Nyumbani kwake yumo paka dume wa miezi kumi, waliyemwokota mtaroni angali kitoto cha kulia kwa njaa. Watoto wanampenda mno. Lakini tangu mwezi wa Juni paka huyo ameanza kukojoa ndani: mara nyuma ya mlango, mara ubavuni mwa kochi, mara katika kapu la sare za shule, na usiku mmoja juu ya mswala wa mama mkwe, uliokuwa umekwisha tandikwa kwa sala ya alfajiri. Mama mkwe amesema hatasali tena katika chumba kile. Baba wa nyumba ametoa muhula hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo paka atatiwa guniani na kuachwa msituni upande wa Menengai. Dada yetu anauliza mambo mawili: nyumba yake itatwahirika vipi, na je, paka huyu ana dawa?

Tumeonelea tumjibu hapa hadharani, kwani jamaa zetu waliohamia bara ni wengi, na jambo hili huwatesa kuliko wanavyosema.

Lazima tuanze na Nakuru yenyewe. Huku kwetu pwani paka ni wa mtaa kabla hajawa wa nyumba. Mtu akipita vichochoro vya Lamu au vya Mji wa Kale wa Mombasa huwaona wamelala barazani, juu ya kuta na chini ya meza za wauza samaki. Milango hushinda wazi, mchanga uko kila mahali, na paka hutoka, akachimba, akafukia, akarudi, wala hakuna aliyejua alikwenda kufanya nini. Sakafu zetu nazo ni za saruji au vigae. Likitokea la kutokea, ndoo moja ya maji na ufagio wa chelewa vyatosha.

Nakuru iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,850, na usiku wa mwezi wa Juni na wa Julai baridi yake huingia mifupani. Kwa hivyo milango hufungwa tangu magharibi. Sakafu hufunikwa kwa zulia nene kutoka ukuta hadi ukuta, na makochi ni ya sponji na kitambaa. Tangu mji ule upewe hadhi ya jiji, tarehe 1 Disemba 2021, majumba ya kupangisha yamezidi kwenda juu, na familia nyingi zaishi orofa ya tatu au ya nne, hawana ua wala kiwanja. Paka aliyefungiwa ndani ya nyumba kama hiyo tangu magharibi hadi alfajiri, bila ya mchanga, atakojoa wapi? Zulia lina manyoya na hufyonza maji. Kwake yeye hilo ndilo lililo karibu zaidi na mchanga. Hata yule aliyezoea kwenda nje, mvua za masika zianzapo Machi na udongo wa Bonde la Ufa ukawa matope, hutia mguu mmoja nje, akautikisa, akarudi ndani.

Sasa tuingie katika twahara, kisha tumrudie paka.

Paka mwenyewe si najisi. Hadithi ya Abu Qatada (r.a.) yajulikana: mkwewe, Kabsha binti Kaab, alimtilia maji ya udhu, akaja paka kunywa, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo hata akanywa. Alipomwona yule binti anastaajabu, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha ya kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Hadithi hii wameipokea Malik, Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Kwa hivyo manyoya yake kwenye kanzu, mate yake kwenye chombo, na kupita kwake mbele ya mswala si mambo ya kumtia mtu wasiwasi.

Mkojo wake ni jambo jingine. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mkojo wa paka ni najisi kama mkojo wa mtu mzima. Ile tahafifu ya kunyunyizia maji tu, iliyotolewa kwa mkojo wa mtoto mchanga wa kiume asiyekula ila maziwa, haimhusu mtoto wa paka. Tunalisema hili kwa sababu tumelisikia likidaiwa. Nguo au mswala uliopatwa, kwanza huondolewa ule mkojo wenyewe, kisha maji safi yapitishwe juu yake hata rangi, harufu na ladha ya najisi vitoke. Mara moja yatosha ikiwa vimetoka, na mara tatu ni sunna. Na ikiwa mkojo umekwisha kukauka, haukubaki na alama wala harufu, lakini mahali pake pajulikana, kupitisha maji juu yake mara moja kwatosha.

Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya, nalo ni kuchovya nguo yenye mkojo ndani ya beseni la maji machache. Maji machache yakiingiliwa na najisi huwa najisi yenyewe, na nguo hutoka humo haijatwahirika. Maji ndiyo yaijie nguo: imwagie kwa kopo, au iweke chini ya mfereji. Ama zulia lililogandishwa sakafuni lisiloweza kutolewa, kumbuka yule bedui aliyekojoa msikitini Madina. Mtume (s.a.w.) hakumkemea, wala hakuamuru sakafu ichimbwe, aliamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Basi ufyonze mkojo kwa vitambaa vikavu mpaka visitoke na unyevu, kisha umwagie maji ya kuushinda, halafu uyafyonze hayo nayo.

Na ikiwa harufu haitoki? Wanazuoni wa kishafii wamesema kwamba ikibaki harufu peke yake, au rangi peke yake, baada ya kuoshwa kwa juhudi na ikawa vigumu kuiondoa, husamehewa na mahali pale huhesabiwa pametwahirika. Vikibaki vyote viwili pamoja, kazi haijesha. Kwa hivyo mama mkwe wa dada yetu anaweza kurudi chumbani mwake na kusali.

Lakini pua ya paka haina msamaha huo. Kile kisalio cha harufu ambacho sheria imekisamehe, na ambacho sisi pengine hatukisikii tena, kwake ni tangazo kwamba hapa ndipo chooni. Atarudi papo hapo kesho. Ndiyo maana nyumba nyingi hutwahirishwa kila siku na kila siku hunajisiwa. Kuna kazi mbili: ya kwanza ni kwa ajili ya sala, ya pili ni kwa ajili ya pua ya paka, na mwenye kuifanya ya kwanza tu ataifanya maisha.

Mkojo wa paka hunuka kuliko wa wanyama wengi kwa sababu asili yake ni kiumbe wa nchi kavu. Paka wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Afrika, ambaye bado anaishi katika mbuga zetu. Hunywa maji kidogo na kuukoleza mkojo wake mno ili asipoteze maji mwilini. Zaidi ya hayo, katika mkojo huo mna kitu kiitwacho felinini, chenye salfa ndani yake, na madume hukitoa kwa wingi zaidi. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walieleza protini iliyo katika mkojo wa paka inayosimamia utengenezaji wake. Felinini ikikaa hewani huvunjika polepole, na kadiri ivunjikavyo ndivyo harufu inavyozidi. Hii ndiyo sababu mkojo wa juzi hunuka kuliko wa leo, na ndiyo sababu zulia lililodhaniwa limetakata hufufuka siku ya mvua.

Basi usafishe hivi. Baada ya kufyonza na kumwagia maji, tia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache robo saa, kisha uifyonze. Pakisha kukauka kiasi, nyunyiza soda ya kuokea mikate, iache usiku kucha, na asubuhi uifagie. Usivitie pamoja kwa wakati mmoja, kwani siki na soda huuana na hukubakishia povu tu. Wala usiifanye magadi kuwa badala ya soda; magadi ni makali zaidi, huchoma ngozi na huharibu rangi ya zulia. Sabuni za unga zenye vimeng'enya, zile ambazo pakiti zake hueleza kuwa huondoa madoa ya damu na mayai, husaidia sana kwa nguo na foronya. Kwa wenye uwezo, kliniki za wanyama katika miji mikubwa huuza dawa za vimeng'enya zilizotengenezwa mahsusi kwa mkojo wa paka, nazo ndizo bora kuliko zote. Jambo la mwisho ni jua: mswala na mito vianikwe nje, na jua la mchana la Nakuru, hata siku za baridi, lina nguvu.

Usitumie maji ya moto, kwani hugandisha harufu ndani ya nyuzi. Usitumie dawa yenye amonia, kwa kuwa paka huinusa akadhani ni mkojo wa paka mwingine, naye akauongeza wake. Jik nayo ina hatari: ikikutana na mkojo mbichi au na amonia hutoa moshi wenye sumu, na katika chumba kilichofungwa kwa baridi moshi huo humdhuru mama na mtoto aliye mgongoni. Dettol na dawa nyingine za namna yake ni sumu kwa paka, kwani ini lake haliwezi kuzivunja kama letu. Hukanyaga sakafu, akajilamba nyayo, akaugua. Ama udi na ubani, vitu vyetu tunavyovipenda, vichome kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya nafsi yako. Paka hunusa kilicho chini yake.

Nyumba ikisha safishwa, mtazame paka mwenyewe. Jambo la kuangalia ni amekojoa vipi. Paka anayejisaidia huchutama na kuacha dimbwi mahali palipo sawa: zuliani, kitandani, kapuni. Paka anayeweka alama husimama, akageuzia mgongo ukuta au mlango, akainua mkia ukitetemeka, akarasha mkojo kwa nyuma, kimo cha goti hivi. Huyo hatafuti choo. Anawaandikia paka wenzake kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Dume wa dada yetu ana miezi kumi, na ameanza nyuma ya mlango na ubavuni mwa kochi. Hatuna shaka kwamba sehemu kubwa ya tabu yake ni balehe. Paka dume hubalehe kuanzia kama miezi sita, na akisikia jike analia nje, au dume mwingine anapita ngazini, hurasha. Dawa yenye nguvu kuliko zote kwa hilo ni kuhasiwa: takriban madume tisa kati ya kumi waliohasiwa huacha kurasha au hupunguza sana, baadhi yao kwa wiki chache, na afadhali ifanywe kabla tabia haijakomaa.

Hapa msomaji atauliza hukumu yake, na ana haki ya kuuliza. Vitabu vya kale vya kishafii vimekataza kuhasi mnyama asiyeliwa, na paka yumo katika hao. Wanazuoni wa kihanafi wameruhusu ikiwa pana manufaa au ni kwa ajili ya kuzuia madhara. Katika zama zetu wako mashekhe, miongoni mwao Ibn Uthaymin, walioona hapana ubaya ikiwa paka wamezidi na wanaudhi, na upasuaji wenyewe haumdhuru mnyama, kwani ni bora kuliko kuwaua. Sisi hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Mwendee shekhe wako, umweleze hali kama ilivyo: mswala, mama mkwe, na lile gunia. Maana gunia nalo lina hukumu yake. Twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie chakula ardhini. Paka aliyelelewa zuliani, akalishwa sahanini, kisha akatupwa kwenye msitu wa kreta usiku wa Julai, huenda asijue kujitafutia chochote.

Ukiamua kumhasi, iwe kwa mikono ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na iwe kwa dawa ya usingizi. Ile ya kumfunga paka katika gunia na kumkata kwa wembe, ambayo bado husikika mitaani, ni dhulma, na wengine hufa kwa kidonda. Nakuru haina upungufu wa madaktari wa mifugo, kwani ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kina kitivo kizima cha utabibu wa wanyama. Ila daktari wa ng'ombe si lazima awe hodari wa paka, uliza kabla. Shirika la KSPCA, lenye makao yake Nairobi, lina tawi Naivasha. Na utakapokuwa kwenye agroveti, usikubali kuuziwa kwa ajili ya paka dawa ya viroboto iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa au ya ng'ombe. Pareto ya Nakuru imeupa mji ule sifa duniani, lakini ndugu yake wa kiwandani, permethrini, akimwagwa juu ya paka humuua kwa kumtetemesha.

Sasa twafika kwenye sehemu ambayo tungeomba isomwe mara mbili, hasa na wenye paka dume.

Si kila mkojo wa ndani ni tabia. Paka anayeumwa kibofu huona maumivu anapokojoa mchangani, akadhani mchanga ndio unaomuumiza, akaenda kutafuta mahali laini na pa baridi: beseni la kuogea, sakafu ya jikoni, shuka. Pengine utaona damu. Paka mzee anayekunywa maji mengi kuliko zamani na kukojoa madimbwi makubwa huenda ana ugonjwa wa figo au kisukari. Wote hao ni wa kupelekwa kwa daktari, wala si wa kupigwa.

Lakini liko moja lisilongoja kesho. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba mno, na huweza kuzibwa na chembechembe kama za mchanga zinazojitengeneza kibofuni. Utamwona anaingia na kutoka kwenye karai, anachutama muda mrefu, analia kwa sauti nzito, anajilamba sehemu za siri, na hakitoki kitu ila tone moja au mawili. Wengi husema paka amefunga choo, wakampa mafuta ya nazi. Huyo si choo kikubwa kilichomfunga. Sumu inayopasa kutoka na mkojo hurudi katika damu, akatapika, akalegea, na aweza kufa katika siku mbili au tatu. Mchukue siku ile ile, hata ikiwa ni Jumapili, hata ikiwa ni usiku. Wala usimpe Panadol kumtuliza: kidonge kimoja kinachomtuliza mtoto kichwa chatosha kumuua paka.

Kinga yake kubwa ni maji. Weka bakuli mbili tatu mbali na chakula, na umlainishie chakula chake kwa mchuzi wa samaki usio na chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu, na saumu pia, huharibu damu ya paka. Dagaa wakavu peke yao kila siku humkausha. Maziwa, ambayo Nakuru ni mengi na rahisi, tumbo la paka wengi waliokwisha kukua haliyawezi, nawe utabadilisha tabu ya mkojo kwa tabu iliyo kubwa kuliko hiyo.

Tuseme sasa paka ni mzima, au amekwisha tibiwa, au amekwisha hasiwa. Bado anataka choo, na choo hicho ni wewe wa kumpa. Karai la plastiki la kufulia latosha, kubwa kiasi cha paka kugeuka ndani yake, na kimo cha mchanga kiwe vidole vitatu au vinne. Idadi yake, kwa kanuni ya wataalamu, ni idadi ya paka na moja zaidi: paka mmoja makarai mawili, paka wawili matatu. Nyumba ya vyumba viwili hili huonekana ni israfu, lakini kuna paka wasiokubali kukojoa pale walipokwisha kunya, na ukiwa na karai moja umewachagulia zulia.

Mchanga mzuri wa mto wafaa. Vumbi la mbao, ambalo viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo hulitupa kwa magunia, hufyonza vizuri na hupunguza harufu, ila lisiwe laini kama unga likamwingia puani, wala la mbao iliyotiwa dawa ya mchwa. Jivu la jikoni tusilitumie, kwani likilowa huchoma nyayo. Na kwa wapendao habari, pale Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya daiatomaiti, lile jiwe jeupe jepesi lililotokana na mabaki ya vijimea vya ziwa la kale; jiwe hilo kwa wepesi wake wa kufyonza maji hutumiwa katika nchi nyingine kutengenezea mchanga wa choo cha paka. Usiende kuzoa vumbi lake, kwani vumbi hilo ni baya kwa mapafu, ya paka na yako. Tumelitaja kwa sababu watu husafirishiwa mifuko ya mchanga wa paka kutoka ng'ambo, ilhali mali ghafi iko kando ya barabara wanayopita kwenda Nairobi.

Karai liwekwe mahali pa utulivu, mbali na bakuli za chakula, na mbali na mlango unaofungwafungwa. Msalani hufaa ikiwa mlango hubaki wazi. Mtu akioga nusu saa na mlango umefungwa, paka hamngoji. Uchafu uzolewe kila siku, mchanga wote ubadilishwe kila wiki, na karai lioshwe kwa sabuni na maji tu.

Kwa paka aliyekwisha kuzoea kukojoa ovyo, mfungie wiki moja au mbili katika chumba kimoja kisicho na zulia, pamoja na karai, chakula, maji na kitambaa cha kulalia, nawe umwingilie mara kwa mara asijione mfungwa. Akisha kulijua karai, mfungulie nyumba chumba baada ya chumba. Mahali alipopazoea, pakisha safishwa, paweke bakuli lake la chakula, kwani paka huona haya kukojoa anapokula. Miswala ikunjwe na iwekwe kabatini baada ya kila sala, na kapu la nguo chafu liwe na kifuniko. Hayo mawili peke yake yangaliokoa nusu ya machozi yaliyomo katika ile barua.

Kumsugua pua katika mkojo wake, kumpiga kwa kandambili, kumrusha nje usiku: haya hayamfundishi kitu ila kwamba mama wa nyumba ni wa kuogopwa, na kwamba akojoe palipofichika zaidi, nyuma ya kabati, ambako utapagundua baada ya mwezi. Tena hofu yenyewe huwasha kibofu. Paka ni kiumbe wa mazoea. Kuhama nyumba, mgeni wa miezi mitatu, mtoto mchanga, paka wa pili, hata kuhamishwa kwa kochi, hutosha kumvuruga. Familia iliyohama kutoka Mombasa hadi Nakuru na kuona paka wao ameharibika ghafla ijiulize wao wenyewe walilala vipi wiki ile ya kwanza.

Yamebaki ya mama wajawazito, nayo ni mafupi. Kinyesi cha paka, wala si mkojo wake, chaweza kuwa na kijidudu cha toksoplasma, ambacho mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza chaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kijidudu hicho hakiambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka kabla hakijawa na madhara, na kwa hivyo karai linalozolewa kila siku halina hatari kubwa. Kazi hiyo aifanye baba au kijana mkubwa. Akikosekana mtu, mama avae glavu na anawe kwa sabuni, na tahadhari hiyo hiyo aichukue anapopalilia bustani na anapoosha mboga, kwani paka wa jirani naye huchimba kwenye sukuma wiki.